Tasnifu ya Karani

Karani alikuwa akibisha hodi hata mlango ukiwa wazi na mimi mwenyewe namtazama. Alisimama kizingitini, begi lake jeusi kifuani, akasubiri mpaka niseme karibu. Nikimwambia, "Pita tu, Karani, si unaniona," aliinamisha kichwa kidogo na kubaki palepale. Neno alilolitaka ni karibu, na bila neno hilo haingii. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, yeye amebakiza miwili kustaafu, na mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wake.

Jina lake ninalijua na sitaliandika. Darasa zima lilimwita Karani kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya tangu ujana wake: karani wa masjala katika ofisi moja kule Kisarawe, mtu wa kupokea majalada, kuyapa namba, kuyapanga kabatini na kujua nani kachukua lipi. Chuoni kwetu Kibaha alikuja kusomea shahada ya sayansi ya kompyuta, darasa la Ijumaa jioni na Jumamosi, pamoja na vijana ambao angeweza kuwazaa wote. Masomo ya darasani alikuwa ameyamaliza. Kilichobaki ni tasnifu ya mwisho, na muda wake ulikuwa mkononi mwa chuo. Aliwahi kuahirisha mwaka mmoja kumuuguza mkewe, akaongezewa mwaka mwingine, na barua aliyopewa ilisema wazi kwamba hakuna nyongeza tena. Asipotetea tasnifu ikapita muhula ule, usajili wake unakufa na miaka yote aliyosoma inakuwa bure.

Waliosoma naye humkumbuka kwa vichekesho. Wakikutana, kila mmoja ana chake, na mimi hucheka nao. Wanayoyajua ni ya kweli. Hawajui yote.

Nianze na salamu, maana ndizo zilizotusumbua kwanza. Siku aliyoingia darasani kwangu kwa mara ya kwanza alisimama wima na kusema, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti ya kusikika hadi nje. Vijana walicheka mpaka mwingine akalalia meza. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazazi wangu walitoka Njombe wakaja Kibaha kufanya kazi serikalini, wakajenga Mbwawa wakati bado ni mashamba, na kabla hawajatufundisha kusoma walitufundisha kumwamkia mkubwa. Nikamwambia, "Hapana, baba. Shikamoo." Naye akajibu, "Mie ni mwanafunzi hapa." Tulivutana hivyo wiki tatu, mpaka siku moja akaja ofisini na mpango kamili. Nje ya geti nimwamkie mimi, kwa kuwa ni mwanawe. Ndani ya geti tusiamkiane, tuulizane habari za kazi. Halafu akaongeza, "Na humu ofisini mwako, mwalimu, ukisema ndiyo ni ndiyo, ukisema siyo ni siyo. Mie nimekuja kufundishwa."

Niliona ni adabu nzuri, hata nikaenda kuwasimulia nyumbani. Sikuiona hatari yake.

Tasnifu zetu huandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kilikuwa cha barua za serikali. Sura ya kwanza aliyoniletea ilianza na kumbukumbu namba, tarehe, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Aya ya mwisho ilinitakia kazi njema. Nilicheka peke yangu, kisha nikamweleza taratibu kwamba tasnifu si barua. Alisikiliza, akaandika kila neno, na wiki iliyofuata akaleta sura ileile bila ile kazi njema, ila kumbukumbu namba ilikuwa palepale juu kushoto. "Isipokuwa na namba, mwalimu, siku ikipotea itatafutwaje?" Nikamwachia.

Rasimu zake alizitoboa matundu mawili pembeni na kuzifunga kwa kamba za majalada, na kila ukurasa aliuhesabu kwa kalamu. Upande wa ndani wa jalada alibandika karatasi ya kuonyesha rasimu iko kwa nani, ilitoka lini na ilirudi lini. Nilitakiwa kutia sahihi kila ninapoipokea na kila ninapoirudisha. Walimu wenzangu walinitania kwamba nimekamatwa na serikali. Mara moja nilichelewa na sura ya pili. Akaja, akabisha hodi, nikasema karibu, akasema, "Mwalimu, kuna jalada lipo nje siku kumi na moja." Wala hakuwa amekasirika. Alikuwa anatoa taarifa.

Kwenye kompyuta, folda aliiita kabati na faili aliliita jalada. Kufuta alikataa katakata. Nikimwambia afute toleo la zamani la programu aliniuliza, "Nani ameidhinisha?" Masjala, alinieleza, jalada haliharibiwi mpaka kamati ikae, hata kama limeliwa na mchwa. Kwa hiyo laptop yake ilijaa nakala za programu moja: ya Jumatatu, ya Jumanne asubuhi, ya Jumanne baada ya chakula, mpaka mashine ikawa inachukua robo saa kuwaka. Vijana walimfungulia sehemu ya kuhifadhi kazi zake mtandaoni. Akawauliza huko mtandaoni ufunguo anao nani. Walipokosa jibu akarudi kwenye nakala zake.

Lakini asikudanganye mtu kwamba alikuwa mzito. Alijifunza kuandika programu akiwa ameshapita hamsini, na aliiandika safi kuliko vijana wengi waliokuwa wakinakili huku na kule. Kila mstari alijua kwa nini upo. Mwalimu wa somo la algorithimu alipomtaka aeleze namna ya kutafuta kitu kwenye orodha ndefu iliyopangwa, alieleza kwa makabati: fungua la katikati, tazama jalada la kwanza, ukishajua lako lipo kushoto au kulia, nusu nzima ya chumba achana nayo. Mwalimu yule bado anafundisha hivyo hivyo, na makabati yaleyale.

Mtu wa sheria namna ile, ungetarajia asimpindie mtu hata msumari. Basi kulikuwa na mwanafunzi mmoja, dada kutoka Dutumi, aliyejifungua katikati ya muhula. Kitabu cha mahudhurio kilikuwa mikononi mwa Karani, na Jumamosi tatu mfululizo yule dada aliandikwa yupo. Nilimwita nikamwuliza. Akanitazama kwa mshangao. "Alikuwepo, mwalimu. Alikuwa na kazi nyingine tu." Nikamwacha aende.

Alikuwa na majivuno pia, tusimpambe. Kazini kwake hakuna aliyejua kwamba anasoma. Miaka yote ile ofisi ilidhani Ijumaa mchana anakwenda kumwangalia ndugu yake mgonjwa. Wazo la kusoma lilianza siku kijana mmoja wa kompyuta alipofika masjala, akatazama makabati na kusema, "Mzee wa mafaili, hizi takataka tunaziondoa." Karani alinisimulia jambo hilo mara moja tu, na alipofika kwenye neno takataka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Nataka nikiondoka pale niwe nimewajibu kwa lugha yao," alisema. "Nawaachia mfumo, na cheti nakipigia msumari ukutani kwangu." Hiyo ndiyo tamaa yake yote. Ni mkewe tu aliyeijua.

Msemo wake mwingine ulikuwa huu: "Mtu hapotei, mwalimu. Linalopotea ni jalada lake." Aliusema wakati wowote, hata vijana wakawa wanamwigiza. Mimi pia ulinichosha. Nilidhani ni maneno ya kujaza nafasi.

Sasa nieleze tasnifu yenyewe, na nitaieleza kwa maneno mepesi maana si ngumu. Kwa miaka mingi wenye mikorosho waliandikishwa na kuandikishwa upya. Kila zoezi jipya lilifungua jalada jipya, mtu mmoja akawa na majalada mawili au matatu. Karani alipewa na viongozi wa vijiji viwili kibali cha kutumia daftari zao, bila kupitia ofisini kwake. Mfumo wake ungesoma majina yote, utambue majalada ya mtu mmoja na kuyaunganisha. Nikamwelekeza njia nyepesi: majina matatu yakifanana, na kijiji kikifanana, huyo ni mtu mmoja. Unganisha.

Akasema, "Mwalimu, kwetu hiyo itaua watu."

"Kivipi?"

"Sie mtoto wa kiume wa kwanza tunampa jina la babu yake. Chukulia Kondo Shomari Kondo. Mwanawe ataitwa Shomari Kondo Shomari. Haya, mjukuu ataitwa nani?"

Nilihesabu kichwani. "Kondo Shomari Kondo."

"Babu na mjukuu. Majina matatu yaleyale, kijiji kilekile, pengine na shamba lilelile. Pale masjala mie nawajua. Mashine haiwajui hao."

"Tumia mwaka wa kuzaliwa."

"Wa wazee haumo. Makarani wa zamani waliacha wazi, kwa kuwa wenyewe hawakuujua." Akasogea mbele kwenye kiti. "Ila jina la mama, mwalimu. Babu na mjukuu hawawezi kuwa na mama mmoja. Nipe miezi miwili nirudi vijijini, nipite nyumba kwa nyumba niulize, niongeze safu moja tu."

Nimeishi Kibaha maisha yangu yote, na Kisarawe si mbali, lakini jambo lile sikuwahi kulisikia. Kwetu sisi jina la tatu ni la ukoo. Ni bomani na hospitalini ndiko tunakolitaja, nalo halizunguki kurudi kwa mjukuu. Ningeweza kumwambia sikulijua hilo, nifundishe. Badala yake nilimwambia muda hautoshi, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu, na kwamba pendekezo lake lilishapitishwa na idara bila safu ya mama, jambo ambalo lingerekebishwa kwa barua ya ukurasa mmoja. Nadhani niliona aibu kufundishwa na mwanafunzi. Niliandike hivyo hivyo.

"Unganisha kwa majina matatu," nilimwambia. "Hayo ya mama atakuja kuyafanya mwingine."

"Sawa, mwalimu."

Basi. Angekuwa anazungumza na binti yake angemwambia nyamaza usikilize. Lakini mpango ule wa salamu tulishaupitisha, na ndani ya ofisi ile mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Alirudi nyumbani akafanya nilivyosema, akafanya vizuri, na programu yake ikaunganisha watu bila kusita.

Sura ya tano ilipokuja, nilikuta ukurasa mmoja kwenye sehemu ya mipaka ya utafiti. Alikuwa ameandika kwamba njia aliyoitumia itawafanya babu na mjukuu kuwa mtu mmoja, kwamba ameliona hilo kwenye daftari zake mwenyewe, na kwamba dawa yake ni jina la mama. Kile Kiingereza cha barua za serikali kilikuwa kimemtoka kabisa. Ulikuwa ukurasa bora kuliko zote alizoniandikia.

Nikamwambia, "Hapa unajichimbia kaburi. Mtahini hana habari na mambo haya, wewe ndiye unayemwonyesha pa kupiga." Nikaukata kwa wino mwekundu, toka kona hadi kona, na nikatia sahihi kwenye karatasi yake kama kawaida.

Aliutazama ule mkato. "Niufute?"

"Ufute."

Safari ile hakuuliza nani ameidhinisha.

Siku ya kutetea alivaa suti ya kijivu na tai, na viatu vilivyopigwa dawa mpaka vinang'aa. Alitoka Kisarawe alfajiri akazunguka na Dar, akafika chuoni Maili Moja kabla hata walinzi hawajabadilishana zamu. Mezani tulikaa watu watano. Mkuu wa idara alikaa kiti cha pili kutoka kwangu. Mkataba wangu ulikuwa wa muda, na faili la kunithibitisha kazini lilikuwa mezani kwake linasubiri sahihi. Mtahini wa nje alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono, mtu wa pwani, na nilipoisikia lafudhi yake tu nilijua habari za majina anazijua.

Karani aliwasilisha vizuri. Alionyesha mfumo ukifanya kazi, majalada yakikutana moja baada ya jingine. Mtahini akamwomba ampe nafasi achague jina mwenyewe. Akashuka kwenye orodha taratibu, akalifungua jalada moja lililounganishwa, akasoma, akavua kofia na kuiweka mezani.

"Bwana mkubwa," akasema, "huyu mtu wako alipanda mikorosho kabla hajazaliwa."

Watu walicheka. Karani hakucheka.

"Kijijini kwenu hakuna babu na mjukuu wenye majina sawa?"

"Wapo."

"Hapa wapo?"

"Wapo wengi."

"Ulilijua hilo wakati unaandika?"

"Nililijua."

"Ulilijua, na mfumo wako umewafanya mtu mmoja, na ndani ya tasnifu nzima sioni hata mstari mmoja unaolisema. Kwa nini?"

Begi lake jeusi lilikuwa magotini. Ndani yake, najua kwa sababu hakuwahi kwenda popote bila majalada yake, kulikuwa na rasimu ya sura ya tano yenye mkato wangu mwekundu na sahihi yangu. Aliweka mkono juu ya begi. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa hasira wala kwa kuniomba. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama kizingitini, akisubiri neno.

Mkuu wa idara akanigeukia. "Msimamizi ana lolote la kusema?"

Kanuni za chuo zina kifungu kinachosema kwamba upungufu ukiwa umetokana na maelekezo ya msimamizi, mwanafunzi huongezewa muhula mmoja, hata kama muda wake umekwisha. Wakati ule sikuwa na uhakika kama kifungu hicho kipo. Tangu siku ile nimekisoma mara nyingi sana. Sentensi moja ingetosha.

"Sina la kuongeza," nilisema.

Karani akautoa mkono kwenye begi. "Kosa ni langu," akasema.

Waliamua arudi vijijini, akusanye taarifa upya, aandike upya sura ya nne na ya tano. Usajili wake ulibakiza wiki tatu. Waliyajua yote mawili, na mwenyekiti wa jopo aliyasoma yote kwa sauti ileile. Karani aliwashukuru mmoja mmoja kwa vyeo vyao. Alipofika kwangu alisema, "Ahsante, mwalimu," akakusanya waya wa laptop, akaukunja vizuri, akatoka. Mlango aliurudisha polepole ili usigonge.

Mwezi uliofuata nilithibitishwa kazini.

Aliniandikia barua. Ilikuwa na kumbukumbu namba, na kichwa chake kilisema: Yah: Shukrani. Alinishukuru kwa uvumilivu na kwa muda wangu, akanitakia kazi njema. Niliisoma mara kadhaa nikitafuta mahali anaponisema. Sikupaona. Nilimtafuta kwa simu mara mbili, na nilipomsikia anasema "Haloo, naam" nilikata. Nikajiambia ana mambo mengi. Nikajiambia nitakwenda likizo. Wanafunzi wengine walikuja, tasnifu zikaandikwa, na kila mwaka walikuwepo wa kunikumbusha vichekesho vya Karani.

Ilipita miaka minne. Sikwenda kwa hiari yangu, hilo nalo nisijipendelee. Nilitumwa Kisarawe kukagua wanafunzi wetu waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Ofisi ya kwanza niliyoingia, mama mmoja aliyesikia natokea chuoni Kibaha akasema, "Basi utakuwa unamfahamu mzee wetu wa masjala. Siku ya kumwaga ndipo mkewe alipotuambia kwamba alikuwa akisoma huko. Amestaafu, yupo nyumbani kwake, ukishuka hapo chini utaona nyumba yenye mlango wa kijani." Alinionyesha kwa mkono. Paa lilionekana tangu pale tuliposimama. Sikuwa na kisingizio kilichobaki.

Nilimkuta barazani, amekaa kwenye meza ndogo, anamjazia mwanamke mmoja fomu. Watu humletea makaratasi yao, nilikuja kuelewa, na yeye huwajazia. Alimaliza bila haraka, akamsomea yule mwanamke kila alichoandika, akamwonyesha pa kutia dole gumba. Yule alipoondoka ndipo akainua macho. Alikuwa amepungua mwili, shati limekuwa kubwa mabegani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

Aliniuliza habari za chuo, za wazazi wangu, za barabara. Aliniuliza yule dada wa Dutumi mtoto wake amefika darasa la ngapi. Nikajibu nilichojua. Kisha nikaona nisiposema wakati ule sitasema tena, nikasema yote kwa mkupuo, nikitazama ile meza: kwamba alinieleza na nikakataa, kwamba ukurasa ulikuwepo na nikaukata, kwamba niliulizwa na nikanyamaza kwa ajili ya kazi yangu. Nikamwambia naweza kuandika barua kwa mkuu wa chuo hata sasa. Nikamwomba radhi. Nililia, na nilijichukia kulia mbele yake, maana mwenye haki ya kulia alikuwa yeye.

Alisubiri nimalize.

"Chuo nimeshaachana nacho," alisema. "Jalada limefungwa. Ningelirudisha la nini, mie wa leo?" Alifunika kalamu yake. "Siku ile nilikungoja, mwalimu. Nilisema moyoni, huyu atasema. Hata mkuu wenu alipokuuliza nikasema, haya, sasa anasema." "Leo umesema, na nimekusikia. Lakini hapa tuko wawili tu."

Mlango wa kijani ulifunguka, mkewe akatoka na chupa ya chai na sahani ya mihogo. Nilisimama nikamwamkia. Karani akamwambia, "Huyu ndiye mwalimu wangu wa Kibaha." Uso wa mama yule ulichangamka. Aliweka vitu mezani akanishika mikono yote miwili.

"Wewe ndiye! Nimekusikia miaka yote. Kila siku mwalimu kasema hivi, mwalimu kasema vile." Akavuta kigoda kwa mguu akakaa, bado amenishika. "Hebu nisaidie, mwanangu. Huyu mzee wangu alisoma mpaka macho yakamuuma, mie mgonjwa kitandani yeye ananisomea hayo makompyuta yake. Halafu siku moja karudi akaniambia ameshindwa. Nikimuuliza ulishindwa nini, ananiambia ni makosa yangu tu, mama. Alikosea nini hasa?"

Karani aliangalia fomu zake. Alianza kuzilinganisha pembe, moja juu ya nyingine.

"Hakukosea, mama," nilisema. "Aliandika sawasawa. Mimi nikamwambia afute."

Hakuelewa mara moja. Nikamweleza tena, habari ya babu na mjukuu, na ule ukurasa, kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Mikono yake ikaiachia yangu.

"Na siku waliyomhukumu, wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukawaambia?"

"Sikuwaambia."

Alimtazama mumewe, muda mrefu, na mumewe hakuinua macho. Kisha akamimina chai, akanipa kikombe kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni, akasogeza sahani ya mihogo mbele yangu, akaingia ndani. Nilikaa mpaka chai ikapoa. Nilipoaga, Karani alimwita mara mbili kwamba mwalimu anaondoka. Hakutoka.